Maji ya Mlima Hayana Subira: Usalama na Huduma ya Kwanza katika Njia na Maporomoko ya Rwenzori

Hotuba ya Afisa wa Uhusiano wa Polisi kwa wakazi wa Ibanda, waongoza watalii, wapagazi, walimu na vijana wa mpakani

 

Huenda mmoja wenu anajiuliza kwa nini polisi waje kuzungumza juu ya milima na maporomoko ya maji badala ya wizi na magendo. Sababu ni nyepesi kuieleza, ingawa ni nzito kuibeba. Mtu anapoteleza mlimani au anapozama mtoni, simu ya polisi hulia, lakini mara nyingi hulia wakati hakuna tena cha kuokoa. Tunaitwa kutafuta mwili, kuandika maelezo na kuwakabidhi ndugu marehemu wao. Sisi tungependa kuitwa mapema zaidi, tena tungependa kumkuta mtu ambaye jirani zake wameshamhudumia. Kati ya ajali na kufika kwa polisi au daktari kuna nafasi ya dakika kadhaa, na nafasi hiyo ni yenu ninyi mlio karibu. Leo tuzungumze namna ya kuitumia.

Mlima ni wetu, hatari nayo ni yetu

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori ilitangazwa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Margherita, kina mita 5,109. Tangu mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alipokifikia mwaka 1906, akisaidiwa na wabeba mizigo wa Kiafrika, wageni wa mataifa mengi wamepita hapa Ibanda kuelekea juu. Wazee wa Bakonzo walikuwa wameuheshimu mlima huo kwa vizazi vingi kabla ya mgeni yeyote. Walimtaja Kithasamba, mwenye makao yake kwenye theluji, na hawakuupanda kwa mzaha. Heshima ile ilikuwa pia aina ya usalama.

Lakini tukizungumza juu ya njia za mlimani, tusimfikirie mtalii peke yake. Mtalii hupanda akiwa na mwongozaji, viatu vizuri na koti la mvua. Aliye hatarini kila siku ni mtoto wa Ibanda anayeteremka na jerikeni mtoni Mubuku kabla ya shule. Ni kijana anayekwenda na wenzake kuoga chini ya maporomoko Jumapili alasiri. Ni mama anayerudi na mkungu wa ndizi kichwani katika njia ya mteremko iliyolowa. Ni mfanyabiashara mdogo anayevuka mto Lhubiriha kwa miguu gizani ili asipite kituo cha Mpondwe. Ni mpagazi anayebeba mzigo wa mgeni huku mwenyewe hana koti. Hawa ndio ninaowalenga kwanza.

Mafuriko ya ghafla

Nianze na maji. Mito yetu, yaani Mubuku, Nyamwamba, Nyamugasani na Lhubiriha, inazaliwa juu sana na inateremka kwa kasi kubwa katika mabonde membamba. Hapa chini jua linaweza kuwaka, watoto wakawa wanacheza juu ya mawe, kumbe huko juu mvua imekwisha kunyesha saa nzima. Maji hayo hayatoi taarifa.

Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulivunja kingo zake, ukaja na mawe makubwa na magogo kutoka mlimani, ukapiga Kilembe na kuteremka hadi mjini Kasese. Mwezi Mei 2020 Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha yote ilifurika. Nyumba, madaraja na hospitali ya Kilembe vikaharibiwa. Wengi mlioketi hapa mliyaona kwa macho yenu, na wapo ambao hadi leo hawajarudi katika viwanja vyao.

Jirani zetu wa Kenya nao wana funzo. Katika hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, kuna korongo jembamba linalopendwa na wageni. Mwezi Aprili 2012 vijana saba wa kanisa waliokwenda matembezi walisombwa humo na mafuriko ya ghafla. Septemba 2019 mafuriko kama hayo yaliua watu saba katika korongo lile lile. Hawakuwa wakiogelea wala kucheza na maji. Walikuwa wakitembea mahali ambapo, dakika chache kabla, palikuwa pakavu au penye kijito tu.

Kwa hiyo jifunzeni dalili. Maji yakibadilika ghafla kutoka meupe kuwa ya udongo, ondoka. Ukiona majani, vijiti na povu vinaongezeka, ondoka. Ukisikia ngurumo nzito isiyokwisha kutoka juu ya bonde, kama lori linalopanda kilima, usisimame kuisikiliza. Ukiona mawingu meusi yamefunika mlima, hata kama wewe umesimama juani, usishuke bondeni. Hata maji yakipungua ghafla wakati wa mvua ni dalili mbaya, kwa maana huenda magogo yameziba mto huko juu na yatakapoachia yataachia kwa pamoja. Katika hali zote hizo kimbilia juu, kando ya bonde. Usikimbie kufuata mto kwenda chini, kwa sababu maji yana kasi kuliko miguu yako. Acha jerikeni, acha nguo, acha simu. Vyote hivyo vina bei sokoni.

Kuvuka mto na kuoga chini ya maporomoko

Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Kama yanapita kwa nguvu na yamefika magotini, usivuke. Subiri au zunguka hadi darajani. Ikiwa huna budi kuvuka mahali pa maji machache, vua mzigo bega moja ili uweze kuuachia, shika fimbo imara, elekeza uso upande maji yanakotoka, na usogeze mguu mmoja baada ya kuhakikisha mwingine umesimama. Usivuke juu ya maporomoko, hata yakiwa madogo. Anayeteleza pale hana pa kushika.

Kuhusu wale wanaovuka Lhubiriha usiku kwa njia za panya, nitasema maneno mawili. Sheria ya mpaka ipo na tutaendelea kuisimamia, hasa baada ya msiba uliotupata Mpondwe mwezi Juni 2023. Lakini leo nasema kama mtu anayewajali: shilingi unazookoa kwa kukwepa kituo hazitoshi kununua sanda. Pita mahali palipo na daraja.

Kwa vijana wanaopenda maporomoko: uzuri wa maji yanayoanguka unaficha mambo matatu. La kwanza ni mawe yaliyofunikwa na utelezi wa kijani. Hakuna kiatu wala ujasiri unaoyashinda. La pili ni mkondo wa chini. Maji yanayoanguka hujizungusha chini ya maporomoko na kumvuta mtu tena na tena, na lile povu jeupe limejaa hewa kiasi kwamba hata mwogeleaji hodari hulikosa la kumbeba. La tatu ni kina kisichojulikana. Mahali ulipojitosa mwaka jana, mafuriko yanaweza kuwa yameleta jiwe kubwa. Anayetangulia kichwa huvunjika shingo, na shingo iliyovunjika haina marudio. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Ongezeni pia hatari mpya, ya picha. Mtu anarudi kinyumenyume akitazama simu, akitafuta picha itakayopendeza. Piga picha ukiwa umesimama, umbali wa hatua kadhaa kutoka ukingoni, na mwenzako akutazame. Waongoza watalii, mnayo haki ya kumwambia mgeni "hapana". Mgeni anayekasirika leo atakushukuru akiwa nyumbani kwake. Na mtu wa Ibanda anayekubali kumpeleka mgeni kwa njia za kujificha ili asijiandikishe kwa walinzi wa hifadhi anajitwika mzigo mkubwa: akipotea mgeni huyo, hakuna ajuaye aanze kumtafuta wapi.

Mtu anazama: fanya nini?

Hapa naomba masikio yenu yote. Mkiona mtu anazama, msirukie majini kama hamkufunzwa kuokoa. Anayezama hushika chochote kwa nguvu zote, na mara nyingi msiba wa mtu mmoja huwa wa watu wawili au watatu, ndugu wa damu moja. Piga kelele kuita watu. Mnyoshee fimbo ndefu au muwa. Mrushie jerikeni tupu iliyofungwa kifuniko, tena iwe imefungwa kamba. Jerikeni ya lita 20 iliyo tupu humweka mtu mzima juu ya maji. Ukimvuta, lala kifudifudi ukingoni au shikwa na wenzako ili asikuburute.

Akishatolewa, kuna mambo ambayo watu wetu wamezoea kuyafanya na ambayo hayasaidii. Msimning'inize mtoto kichwa chini. Msimbonyeze tumbo ili atapike maji. Msimzungushe uwanjani. Kinachomuua mtu aliyezama ni kukosa hewa, na ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi bila hewa. Kila sekunde ya kutafuta maji tumboni ni sekunde mliyomnyima pumzi.

Badala yake, mlazeni chali mahali pagumu. Mwiteni na kumgusa bega. Kama hajibu, inua kidevu chake na urudishe kichwa nyuma kidogo ili njia ya hewa ifunguke, kisha tazama kifua na usikilize pumzi kwa muda usiozidi sekunde 10. Kama hapumui, bana pua yake, funika mdomo wake kwa mdomo wako, na umpulizie pumzi 5, ukiangalia kifua kikiinuka kila mara. Kisha weka kiganja cha mkono mmoja katikati ya kifua, mwingine juu yake, nyoosha viwiko, na kandamiza kwa nguvu mara 30, kifua kishuke sentimita 5 hadi 6 na kiachiliwe kirudi. Mwendo wake ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kwa kila sekunde. Baada ya 30, mpulizie pumzi 2, kisha 30 tena, bila kukoma, mkipokezana kila mkichoka. Kwa mtoto mdogo tumia mkono mmoja, na kifua kishuke theluthi moja ya unene wake. Endeleeni mpaka apumue, au mtaalamu afike, au nguvu ziwaishie kabisa.

Akianza kupumua lakini bado hajitambui, mgeuzeni alale ubavu ili matapishi yatoke nje. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni. Na hata akisimama na kucheka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kumsumbua saa kadhaa baadaye.

Kwa nini nasisitiza hivi? Katika kazi yangu nimewahi kufika ukingoni mwa mto nikakuta zaidi ya watu ishirini wamesimama duara. Katikati, kijana amelala juu ya majani, na hakuna aliyemgusa tangu atolewe majini. Nilipouliza, mzee mmoja alinijibu kwa upole, "Afande, tulikuwa tunawasubiri ninyi." Hawakuwa watu wabaya, ndio waliomtoa majini kwa mikono yao. Waliogopa kwamba atakayemgusa ataandikwa kuwa mshukiwa. Ni daktari tu ambaye angeweza kusema kama kijana yule angepona. Ninachojua mimi ni kwamba dakika zile zilipita bila kutumika, na kilichozizuia ni hofu ya watu wenye sare kama yangu.

Basi nasema hadharani, na gazeti hili liandike: anayemhudumia majeruhi hafanyi kosa. Polisi watakuuliza umeona nini, kwa kuwa ni wajibu wetu kujua kilichotokea, na kuandika maelezo si kushtakiwa. Vilevile fomu ya polisi namba 3, ile PF3, si tiketi ya kuingilia hospitalini. Majeruhi apelekwe kwanza kwenye matibabu, mambo ya fomu yafuate. Ukikuta askari anayesema kinyume chake, omba kuonana na mkuu wake wa kituo.

Kuanguka, damu na mifupa

Katika njia zenye mizizi na matope, ajali ya kawaida ni kuanguka. Mwenda pole hajikwai, na anayeteremka ndiye anayehitaji upole zaidi kuliko anayepanda, kwa sababu magoti yamechoka na macho yanatazama nyumbani.

Damu ikitoka kwa wingi, weka kitambaa safi juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu bila kufunuafunua kutazama. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Usitie udongo, majani ya kutafuna, wala mafuta ya taa. Kabla ya kugusa damu ya mtu vaa glavu, au ukikosa, vaa mifuko ya plastiki mikononi. Sisi wa Kasese hatuhitaji kukumbushwa sana: Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka ikathibitishwa hapa kwetu, na hospitali ya Bwera ikawa mstari wa mbele. Huruma na tahadhari hutembea pamoja.

Mfupa ukivunjika, usiuvute kuunyoosha. Ufunge ulivyo, kwa banzi la vijiti viwili au kipande cha ubao kilichozungushiwa nguo laini, kikifika juu na chini ya mahali palipovunjika. Usikaze hadi vidole vigeuke rangi au vife ganzi. Aliyeanguka kutoka juu na kulalamika shingo au mgongo, au asiyehisi miguu yake, asiinuliwe na watu wawili kwa mabega na miguu kama gunia. Mzuie kichwa kisigeuke, mfunike, na msubiri watu wa kutosha na machela. Mwondoe haraka tu pale maji au mawe yanapomtishia uhai.

Baridi na ugonjwa wa mwinuko

Wapagazi, sehemu hii ni yenu hasa. Kila unapopanda mita 1,000 baridi huongezeka kwa nyuzi 6 hivi. Ukitoka Nyakalengija, takriban mita 1,650, hadi kambi ya Elena, takriban mita 4,540, umeacha joto la shambani ukaingia kwenye barafu. Mtu aliyelowa na kupigwa upepo huanza kutetemeka, kisha maneno yake yanakuwa mazito, anajikwaa, anasema anataka kukaa tu. Kutetemeka kukikoma huku yeye bado amepoa, si nafuu. Mwili umeishiwa nguvu. Mwingizeni mahali pasipo na upepo, mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mfunikeni kichwa, mkae naye mwili kwa mwili ndani ya blanketi. Akiwa na akili zake mpeni chai ya sukari. Msimpe waragi: pombe humdanganya mtu kuwa amepata joto, kumbe inalitoa nje. Nanyi mnaoajiri wapagazi, koti la mvua na blanketi la mpagazi si zawadi. Ni sehemu ya kazi.

Hatari ya pili ya juu ni upungufu wa hewa. Karibu na kilele cha Margherita, hewa safi anayoipata mtu kwa kila pumzi ni kama nusu tu ya ile ya pwani. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi mbaya. Hapa kuna mtego, kwa sababu sisi sote tunazijua dalili hizo kwa jina jingine: malaria. Mtu anameza dawa ya malaria, anajikaza, anaendelea kupanda. Shika kanuni hii: aliyepita mita 2,500 na akaumwa kichwa na kichefuchefu, ahesabiwe kuwa ana ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vingine, na asipande hata hatua moja zaidi. Akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kukohoa povu au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku, na asiteremke peke yake. Kuteremka ndiyo dawa. Kwa kuzuia, mkishapita mita 3,000 msipandishe kambi ya kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne mpumzike.

Radi na nyoka

Ukiona umeme wa radi, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Zikipungua 30, ondoka kilimani, mtoni na chini ya mti ulio peke yake. Ingia nyumba imara au gari. Uganda haijasahau Juni 2011, radi ilipoua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, kwa hiyo mguse bila hofu na uanze kumpulizia na kukandamiza kifua kama nilivyoeleza.

Aliyeumwa na nyoka atulizwe, avuliwe pete na viatu, kiungo kilichoumwa kifungwe banzi kisitikisike, na abebwe, asitembee. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukata damu, na msipoteze muda kwa jiwe jeusi. Msimfukuze nyoka ili mumlete hospitali; ukiweza kukumbuka rangi na ukubwa wake, inatosha.

Nani aitwe, na kijiji kijiandae vipi

Namba za dharura ni 999 na 112, na hazitozwi malipo. Unapopiga, taja kijiji, jina la mto au njia, alama iliyo karibu kama shule, kanisa au daraja, idadi ya majeruhi na hali yao. Usikate simu kabla ya kuulizwa maswali. Mahali pasipo na mtandao, mtumeni kijana mwenye mbio akiwa na ujumbe ulioandikwa, maana ujumbe wa mdomo hubadilika njiani. Aliyepotea mlimani apulize kipenga au awashe tochi mara sita katika dakika moja, apumzike dakika moja, kisha arudie. Hiyo ndiyo ishara ya msaada inayojulikana milimani kote duniani. Ndani ya hifadhi, walinzi wa Mamlaka ya Wanyamapori wajulishwe pia.

Ajali ikitokea mpakani, tusibishane majeruhi ni wa upande gani. Mpitisheni katika kituo rasmi cha Mpondwe na kuwaeleza maafisa wa uhamiaji na wa afya. Njia rasmi ndiyo ya haraka kwa mtu aliyeumia, kwa kuwa pale kuna barabara ya gari.

Mwisho, nawaomba jambo ambalo haligharimu fedha nyingi. Ndugu zetu wa Ankole na Kigezi wana desturi ya engozi: kila kaya imo katika kikundi cha machela, na mgonjwa akipatikana, wanaume hupokezana kumbeba hadi hospitali. Nasi Bakonzo na jirani zetu tunajua kubebana. Basi kila kijiji kilicho kando ya mto au njia ya mlima kiwe na machela moja, kamba imara ya mita 20, jerikeni tupu mbili zilizofungwa kamba, blanketi, kipenga na glavu, vyote vikiwekwa mahali pamoja panapojulikana na watoto pia. Kila kijiji kichague watu sita, wanawake kwa wanaume, wa kufundishwa na Chama cha Msalaba Mwekundu na wahudumu wa afya. Walimu, wafundisheni wanafunzi kuhesabu 30 na 2 kama mnavyowafundisha majedwali. Wenyeviti, mvua za Machi hadi Mei na zile za Agosti hadi Novemba zikianza, chagueni mtu wa juu ya bonde wa kuwapigia simu wa chini anapoona mto umebadilika.

Mkishaviandaa, njooni kituoni mtuambie majina ya hao sita na mahali machela ilipo. Tutayaandika katika kitabu cha kituo, ili siku simu itakapolia tujue nani yuko karibu na wapi tunamkuta. Siku hiyo, tafadhali, msitusubiri ukingoni. Anzeni ninyi, nasi tukifika tutapokezana nanyi.

 Sasa kijana mmoja na apite mbele alale kwenye mkeka huu, tufanye mazoezi.